Akina Malfoy Hawakuokoka, Walijiokoa

Wasee, kuna mjadala wa Harry Potter ambao hauishi: ati akina Malfoy walibadilika mwishoni. Ukiuliza ushahidi uko wapi, unaambiwa Narcissa. Si alimdanganya Voldemort mbele ya jeshi lake lote? Si uongo wake ndio ulimwokoa Harry? Mimi nimesoma vitabu vyote saba, na jibu langu ni hapana. Wacha nieleze.

Tuanze na baba. Lucius Malfoy ana pesa za kurithi na jumba kubwa kule Wiltshire, Uingereza. Voldemort alipoanguka mara ya kwanza, Lucius alijitetea kwamba alikuwa amerogwa, hakujua anachofanya. Akaachiliwa. Tangu hapo anachangia hospitali, anakaa kwenye bodi ya shule, na mtoto wake Draco akitaka kuingia timu ya Quidditch, timu nzima inanunuliwa fagio mpya. Si unamjua huyu mzee? Kila mtaa una wake. Na mwaka huohuo wa fagio, anapenyeza shajara ya Voldemort kati ya vitabu vya Ginny Weasley, msichana wa miaka 11. Ginny alibaki kidogo tu afe.

Sasa mama. Narcissa anampenda mwanawe, hilo sibishi. Draco akiwa na miaka 16 anapewa kazi ya kumuua Dumbledore, na mama anakimbia usiku kwa Snape kuomba msaada, huku dada yake Bellatrix akimkataza njia nzima. Halafu kule msituni anatumwa kuangalia kama Harry amekufa. Anainama na kumnong'oneza: Draco yuko hai? Akishajua yuko hai, anatangaza kwamba Harry amekufa, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kuingia Hogwarts akamtafute Draco.

Hakuuliza habari za mtoto mwingine yeyote. Fred Weasley alikuwa ameshakufa usiku huo, na yeye pia alikuwa na mama. Mwalimu Charity Burbage aliuawa juu ya meza ya akina Malfoy, kosa lake kufundisha kwamba wasio wachawi ni watu kama wengine. Hermione aliteswa sebuleni kwao. Narcissa alikuwepo, na hakuna uongo alioutunga kuwaokoa hao.

Kwa nini hii inanigusa hivi? Kwa sababu nimeshawahi kumwona Narcissa amejifunga leso. Pesa za chama zilipotea kwa nyumba ya shangazi yangu. Aliyezichukua ni binamu yangu. Nilimwona kwa macho yangu, na nikasema. Shangazi mwenyewe alijua, maana simu mpya haidondoki kutoka mbinguni. Lakini aliyefukuzwa ni dada wa kazi, jioni, na begi moja, bila mshahara wa ule mwezi. Mimi nikaambiwa damu ni nzito kuliko maji, na mtoto wa mtu hatupwi. Mpaka leo katika ile nyumba mimi ndiye yule wa mdomo mrefu.

Na shangazi si mtu mbaya, jamani. Amenilisha, kuna muhula alinilipia karo. Anawapenda watu wake sana. Shida ni kwamba dada hakuwa mtu wake. Yeye pia alikuwa mtoto wa mtu, lakini hiyo methali haikumfikia.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia ati familia kwanza ni wema. Hata huo upendo wa damu una masharti. Narcissa alikuwa na dada mwingine, Andromeda. Alipoolewa na Ted Tonks, mchawi aliyezaliwa na wazazi wasio wachawi, jina lake lilichomwa likatolewa kwenye pazia la ukoo wa Black. Vita vikamnyang'anya mume, binti na mkwe, akabaki kulea mjukuu. Damu ilikuwa ileile. Ilipoteza uzito lini?

Kama ni kutafuta mtu wa kusifu katika hilo jumba, mimi namchagua Dobby. Huyo ndiye aliyekuwa mtumwa wao, anavaa foronya chakavu, akikosea anajiadhibu mwenyewe. Alipata uhuru wake kwa soksi moja. Angeweza kutokanyaga tena pale. Lakini Harry na wenzake walipofungiwa chini ya jumba lile, Dobby alirudi kuwatoa, na kisu cha Bellatrix kikamuua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa damu yake.

Vita vikiisha, akina Malfoy watatu wanakaa pamoja kwenye ukumbi wa Hogwarts, wamekumbatiana, hawana uhakika kama wanastahili kuwa pale. Hatuwaoni wakienda kwa akina Weasley kusema pole. Wako salama, wako pamoja, na kwao hiyo inatosha.

Kwa hivyo kabla hujaniandikia ati Narcissa ni shujaa, nijibu hili moja: Harry angesema Draco amekufa, unadhani Narcissa angetangaza nini?