Upepo Ndio Unaoyanywa

Dodoma, Jumamosi 7 Septemba 2024

Saa saba mchana chainizi zote za shangazi zilikuwa zimelala. Nikachomeka kidole kwenye tuta: udongo mbichi kabisa, kwani alimwagilia alfajiri. Jirani akapita, akasema, "Mama, ongeza maji, zinakufa hizo." Shangazi hakuinuka. Jirani alipokwenda zake, shangazi akaniambia, "Maji yapo, mwanangu. Upepo ndio unaoyanywa." Jioni nimekuta majani yamesimama, na hakuna aliyeongeza hata kikombe.

Ndivyo ilivyo. Mizizi ilikuwa inavuta, ila majani yalitoa upesi kuliko mizizi ilivyoweza kuleta. Mboga ikinyauka mchana na kupona jioni, itazame hewa. Ukiikuta imenyauka alfajiri, hapo ndipo uulize udongo. Natamani wanafunzi wangu walijue hili kabla ya kukariri neno lolote la kitabuni, maana hapa maji yananunuliwa kwa dumu.

Jumapili 8 Septemba

Nimeamka na hesabu kichwani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 ikishiba mvuke hubeba takriban gramu 17 za maji. Kwenye nyuzi 30 hubeba takriban gramu 30. Ndani ya jani hewa imeshiba karibu muda wote, kwa kuwa kuta za seli zimelowa. Kinachovuta maji ni pengo la mvuke kati ya ndani na nje.

Tuseme jani na hewa vyote vina nyuzi 30, na unyevu wa nje ni asilimia 30. Nje kuna gramu 9, kwa hiyo pengo ni gramu 21. Nenda pwani, joto lile lile, unyevu asilimia 75: pengo halifiki gramu 8. Kipimajoto kinasoma namba moja sehemu zote mbili, lakini hewa ya huku inavuta karibu mara tatu. Tunalilaumu jua peke yake, na ukavu wa hewa hatuutaji.

Wala mmea hauwezi kujifungia tu ukaishi. Vile vitundu vya jani, stomata, hufunguka penye mwanga ili kaboni dayoksaidi iingie. Isipoingia, hakuna chakula. Na mlango inakoingilia ndio huo huo mvuke unakotokea. Kila nikilifikiria hili naiheshimu zaidi mboga ya mia mbili.

Jumapili 15 Septemba

Jana nilipima. Miche miwili ya nyanya ya umri mmoja, kila mmoja kwenye kopo lake, udongo umefungwa nailoni hadi shinani ili kinachopotea kipitie kwenye majani tu. Mmoja niliuweka kwenye upepo, mwingine nyuma ya ukuta, yote juani. Mizani ya jikoni asubuhi, mizani jioni. Wa kwenye upepo ulipungua uzito zaidi, na tofauti ilionekana wazi.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Juu ya jani hulala tabaka jembamba la hewa tulivu lenye unyevu ambao jani lenyewe limeutoa, na hilo hupunguza pengo. Upepo hulifagia, ikaja hewa kavu mahali pake.

Njia hii ni ya zamani. Stephen Hales, kasisi wa Teddington huko Uingereza, alipima alizeti yake hivyo hivyo mwaka 1724, akafunika chungu kwa bati la risasi. Kwa saa 12 za mchana ilipoteza wastani wa aunsi 20, kama gramu 570. Usiku wa umande haikupoteza kitu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1727, na bado sijaona somo zuri kuliko lile la mizani na subira.

Tanga, Jumamosi 28 Septemba

Nimekuja harusini. Nguo hazikauki, jasho halikauki, na migomba ina majani mapana yasiyo na wasiwasi.

Njiani mashamba ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mmea huu hufungua stomata usiku, ukahifadhi kaboni kama asidi, kisha mchana ukafunga na kutengeneza chakula kwa akiba ile. Usiku hewa imepoa, pengo ni dogo. Hesabu yangu ya Jumapili ile, mkonge unaijua toka zamani.

Dodoma, Jumamosi 12 Oktoba

Shangazi aliuliza kama matandazo ya nyasi yatatosha. Nikamjibu yanazuia maji yanayotoka kwenye udongo, nayo ni mengi. Yanayopitia majani hayazuiliki kwa nyasi. Kwa hayo inabidi tupunguze upepo.

Leo tumesimamisha uzio wa mabua ya mtama upande wa mashariki, unakotoka upepo. Tumeacha mianya makusudi: ukuta uliozibwa kabisa huufanya upepo uruke juu na kugeuka kisulisuli nyuma yake, wakati uzio unaopenyeza huutuliza hadi umbali wa kama mara kumi ya kimo chake. Wetu unanifika kifuani, kwa hiyo matuta ya mwisho yatabaki wazi mpaka tupate mabua mengine.

Keshokutwa ni sikukuu ya Nyerere, sina vipindi. Makopo mawili tena: moja nyuma ya uzio, moja mbele yake, toka alfajiri hadi jioni. Shangazi ameomba asome mizani yeye mwenyewe.