Kazi ya Mpogoa Miti

Mafundi wengi hulipwa kwa kitu wanachokiongeza. Mwashi huongeza ukuta, seremala huongeza meza, mshonaji huongeza vazi. Na jioni ikifika kila mmoja wao aweza kuinyoshea kazi yake kidole na kusema kuwa asubuhi haikuwapo. Kazi yangu ni kinyume cha hizo. Mimi hulipwa kwa kitu nilichokiondoa. Mpogoa miti akiimaliza kazi yake vizuri, mpita njia haoni alama yoyote ila mti uliosimama kana kwamba haukuguswa. Kwa hiyo ni kazi iliyo rahisi kufanywa vibaya na kupata sifa, na ni rahisi vilevile kufanywa vizuri na kukosa shukrani. Nataka kuwaeleza vijana jinsi ilivyo, kwa kuwa huenda baadhi yao wakaichagua, na wale wasioichagua watakutana na mtihani wake katika kazi nyingine.

Makao yangu ni Kisumu, na Kisumu ni mji wa miti. Reli iliyotoka Mombasa iliufikia ufuko wa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati ule, na mji ukakua kandokando ya stesheni na bandari. Mwaka 1902 mikalitusi ililetwa Kenya ili iwe kuni za injini za reli hiyo. Ikaja pia mijakaranda yenye asili ya Amerika ya Kusini, migrevilea ya Australia na miarobaini ya Bara Hindi. Yote ikasimama pamoja na wenyeji wa kale, yaani mivule, mikuyu na mikwaju. Mtu akitembea Milimani leo hupita chini ya vivuli vilivyopandwa na watu ambao hawapo tena. Kuitunza miti hiyo ni kuilinda amana ya watu waliotutangulia.

Sisi ni watu wanne. Mali yetu ni kamba nene, ngazi mbili, misumeno ya mkono, msumeno mmoja wa petroli ambao watu wetu huuita pawa, mafyekeo, mapanga, makasi ya kukatia ua, na mashine ya kukatia nyasi ambayo ni mgonjwa wetu wa kila mwezi. Mvua ya masika, tangu Machi hata Mei, hutupa kazi ya nyasi na ua. Nyasi za Kisumu wakati huo hazingoji mtu. Ukifyeka mwanzo wa uwanja, ukifika mwisho wake huna budi kuufikiria tena mwanzo. Nyua za michongoma hututoboa mikono. Nyua za minyaa, ambazo tangu zamani zilizizunguka boma za Wajaluo, hutaka hadhari zaidi, kwa maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni waweza kumpofusha mtu. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, ndipo tunapopanda mitini.

Lakini mwajiri wetu mkubwa ni dhoruba. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, hewa yenye unyevu hupanda kuelekea milima ya Nandi na nyanda za Kericho, na alasiri mawingu hurundikana meusi. Ngurumo na radi za pande hizi si jambo la ajabu kwa mwenyeji. Usiku mmoja wa tufani hutuletea wateja wengi kuliko mwezi mzima wa utulivu, na wote husema neno moja: "Njoo uukate mti huu kabla haujatuua."

Hapo ndipo maarifa yanapohitajika, kwa sababu hofu si kipimo cha mti. Watu wengi hudhani kuwa mti hupona jeraha kama ngozi ya mtu inavyopona. Sivyo. Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya magogo kwa urefu ili atazame jinsi uozo unavyotembea ndani yake. Aliona kwamba mti hauwezi kuufanya upya mbao uliooza. Huweza tu kuuzingira uozo kwa kuta, ukaufungia mahali pake, kisha ukaota mbao mpya nje yake. Kwa maneno mengine, mti hauponi, huziba. Kila jeraha ulilopata tangu ulipokuwa mche limo ndani yake hata leo. Mtu akilifahamu jambo hilo, mkono wake huwa mzito kidogo kabla ya kuvuta msumeno.

Kwa hiyo tawi hukatwa kwa utaratibu. Mahali linapotokea katika shina pana uvimbe mithili ya pete. Pete hiyo ni ya shina, si ya tawi, na ndimo mlimo na nguvu ya kuziba. Mkato wa kwanza hupigwa upande wa chini, kadiri ya shubiri mbili kutoka shinani, usipite theluthi ya unene wa tawi. Wa pili hupigwa upande wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi huvunjika hapo na kuanguka bila kulichuna gome la shina. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya pete. Mwenye kuikata pete amekifungulia uozo mlango, na mwenye kuacha kisiki kirefu ameuacha mlango usifungike. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda, kama wengi walivyozoea, hakuzuii uozo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukata vilele. Mwenye nyumba huona mti wake mrefu, akaogopa, akataka ufupishwe nusu. Mti uliofanyiwa hivyo hupoteza majani yanayoulisha, na kwa haraka ya kujiokoa huchipuza fimbo nyingi zilizoshikwa na tabaka la nje tu. Baada ya miaka michache fimbo hizo huwa nene na nzito, lakini mshiko wake ni hafifu, nazo huvunjika kwa upepo ambao matawi ya asili yangaliuvumilia. Hivyo aliyelipa fedha ili anunue usalama amenunua hatari, na dhoruba ijayo atalipa tena. Mpogoaji asiye na haya hufurahi, maana amejipandia mavuno.

Nimesema hayo yote ili nilifikie jambo lenyewe. Katika biashara hii, faida na haki mara nyingi hazikai upande mmoja. Kupogoa matawi matatu ni kazi ya saa chache na malipo yake ni madogo. Kuangusha mti mzima ni kazi ya siku kadhaa na malipo yake ni makubwa. Tena yako magogo, ziko kuni, na kama mti ni mvule, ziko mbao zenye thamani ambazo wanunuzi huzitafuta kwa bidii. Anayeulizwa kama mti ufe au uishi ndiye atakayefaidika ukifa. Hakimu wa namna hiyo katika mahakama angeambiwa aondoke kitini. Sisi hatuna mwingine wa kukikalia kiti hicho, basi lazima tujifunze kukikalia kwa haki.

Siku moja niliitwa na ajuza mmoja upande wa Seme, karibu na ziwa. Mvule wake ulikuwa umeangusha tawi uani, na majirani walikuwa wamemtia hofu. Mnunuzi wa mbao alikwisha kuja na kutaja bei. Niliuzunguka mti, nikaligonga shina kwa nyundo ya mti pande zote nikisikiliza, nikaikagua mizizi, nikapanda. Shina lilikuwa zima. Palikuwa na matawi makavu matatu juu ya paa, na si zaidi.

"Mama," nilimwambia, "mti huu hauna neno. Tutaondoa matawi matatu tu."

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, wewe umekuja kutafuta kazi au kuikimbia?"

"Nimekuja kutafuta kazi, Mama. Lakini kazi iliyopo hapa ni ndogo."

Akacheka, akasema kuwa mumewe aliukuta mti huo ukiwa tayari mkubwa alipoijenga boma yake. Tukaondoa matawi matatu, akatulipa malipo ya matawi matatu, akatupa na samaki. Wenzangu watatu walikuwa kimya njiani, na niliufahamu ukimya wao: karo za watoto hazilipwi kwa uaminifu mtupu. Mapato ya mvule mzima yangalitutosha muda mrefu. Sikuwa na jibu lililoweza kuujaza mfuko, wala sitamdanganya msomaji kwamba wema huo ulirudi siku ya tatu ukiwa umezaa. Ila mti ule ungali umesimama, na hilo ni jambo la kweli.

Lakini asidhani mtu kuwa uaminifu ni kuacha tu. Katika shule moja palikuwa na mjakaranda mkubwa uliopendwa na wote. Wanafunzi walikusanyika chini yake kila asubuhi. Tuliitwa kufyeka nyasi, hatukuitwa kuutazama mti. Nikaona uyoga mgumu kama bamba umeota kwenye tako la shina. Nikachukua chuma chembamba nikakisukuma mzizini, kikazama kana kwamba kinaingia katika uji. Juu, majani yalikuwa mabichi na maua yake ya zambarau yalikuwa tele. Nilipomwambia mwalimu mkuu kwamba mti huo hauna budi kuanguka, kwa mikono yetu au kwa upepo, alidhani natafuta malipo. Nilimwomba akisukume chuma yeye mwenyewe. Alikisukuma, akakaa kimya, akauliza tungeweza kuja lini. Tuliuangusha siku ya Jumamosi, kipande kwa kipande, kwa kamba, wakati ambapo hapakuwa na mtoto uwanjani. Ndani ya shina palikuwa tupu. Mbao mzima uliobaki ulikuwa ukingo mwembamba.

Ningeukata mvule kwa faida na kuuacha mjakaranda kwa kuogopa lawama, ningaliitwa mfanyakazi mwema mahali pote pawili. Ndiyo sababu sifa za watu si mizani ya kutosha katika kazi hii. Mizani ni nyundo, chuma chembamba, macho, na moyo usiotaka kusikia jibu fulani kabla ya kuuliza.

Yako mengine tunayoyakataa. Hatupandi mti uliogusana na nyaya za umeme mpaka kampuni ya umeme iukate mkondo, hata mwenye nyumba akituongezea malipo. Hatuukati mti ulio kando ya barabara bila idhini ya serikali ya kaunti, maana kivuli chake si cha mtu mmoja. Yangeyange wakiwa na makinda matawini, tunamwomba mteja avumilie uchafu wao mpaka wameruka. Nao wenzangu hawapandi bila kofia ngumu na kamba ya kiunoni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia ya majeraha ya kazini inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Bima hiyo hupunguza faida yangu kila mwaka, lakini mtu akianguka hana pete ya kuzibia jeraha lake kama mti.

Wahenga walisema kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Tawi baya likiondolewa mti ungali mchanga, mkasi mdogo hutosha na kidonda huzibwa upesi. Likiachwa miaka ishirini, hutaka kamba, watu wanne na kutwa nzima. Mwenye busara hutuita mapema na kutulipa kidogo. Tungetaka wateja wote wawe hivyo, ingawa tungekuwa maskini zaidi.

Kijana anayesoma maneno haya huenda akawa tabibu, wakili, au fundi wa magari. Katika kila mojawapo ya kazi hizo atakuja mtu mwenye hofu na asiye na maarifa, amuulize kama jambo kubwa linahitajika au dogo latosha. Na jibu litakalomletea fedha zaidi litakuwa tayari ulimini mwake. Na ajizoeze mapema kulitazama shina kabla ya kuutazama mfuko. Tawi lililobaki mtini laweza kukatwa kesho, lakini lililokatwa halirudi.