Nyota za Bibi na Kopo la Maharage (Sehemu ya 6)

 Kama watoto wameshalala, vuta kiti. Kama bado wanakimbizana sebuleni, soma kidogo kidogo, utamaliza tu.

Tangu shule zifunge mmeniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Nesi, watoto wako kwenye simu kutwa, nifanyeje?" Leo nitakujibu kwa kukusimulia kosa nililolifanya mwenyewe, nyumbani kwangu, pamoja na namna tulivyolirekebisha. Naona haya kidogo kuliandika, lakini nadhani litakusaidia.

Likizo ya Juni mwaka jana binti yangu wa miaka 12 alikuja na wazo. Watoto wa ukoo wetu wametawanyika. Mimi niko Morogoro na wawili, dada yangu yuko Dodoma na mmoja, kaka yetu yuko Mwanza na wawili. Wanaonana Desemba tu, kwa bibi yao. Akaniambia, "Mama, tufungue grupu la WhatsApp tutunge hadithi. Kila mtu awe na mtu wake."

Yaani kila mtoto anachagua mhusika. Anaandika kile mhusika wake anachosema na kufanya, halafu anamwachia mwenzake aendeleze. Ukifikiria vizuri ni kule kujipikilisha kwetu kwa zamani, wewe mama, mimi mtoto, yule mgeni kaja. Tofauti ni kwamba sasa kunafanyika kwa maandishi na kila mtu yuko mji wake.

Nikakubali. Simu ni za wazazi, mtu mzima yupo ndani ya grupu, na muda ni saa moja kila jioni. Hadithi ikawa ya meli kuukuu katika Ziwa Tanganyika, kwa sababu niliwahi kuwasimulia habari za Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Binti yangu akawa Nahodha. Mdogo wake wa miaka 8 akawa Mpishi. Yule kijana wa Mwanza wa miaka 14 akawa Haramia, na mdogo wake wa kike wa miaka 10 akawa Abiria aliyejificha kwenye magunia ya dagaa. Mpwa wangu wa Dodoma, miaka 11, akachagua kuwa Fundi wa Mitambo.

Huyu mpwa wangu ana selimundu, wengine mnaiita sikoseli. Kwa mama anayesikia neno hili mara ya kwanza: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto anapata maumivu makali. Kuna wiki anaenda shule vizuri kabisa, na kuna wiki amelazwa. Mpira hawezi kukimbizana nao kama wenzake. Kwenye ile meli alikuwa sawa na mtu yeyote.

Siku tatu za mwanzo mambo yalikuwa matamu. Siku ya nne vikaanza. Haramia akateka meli akaua watu wote kwa sentensi moja. Nahodha akasema hakufa, alikuwa amevaa fulana ya chuma. Mpishi akasema naye alikuwa nayo. Abiria akalia kweli, kule Mwanza, mpaka mama yake akanipigia simu: "Wifi, hii hadithi yenu inaleta ugomvi huku kwangu."

Nikajifanya mtaalamu. Si unajua kule wadi ya watoto tunawapa stika wakivumilia sindano? Nikasema basi, dawa ninayo. Nikatangaza kwenye grupu: kila ujumbe wa hadithi ni nyota moja. Mwenye nyota nyingi Jumapili anapata elfu tano.

Mama mwenzangu, usiku ule simu yangu ilitaka kuungua.

Jioni moja binti yangu alituma jumbe 47. Nikazisoma. "Nahodha akatembea." "Akatembea tena." "Akasimama." "Akawaza." Hakuna aliyekuwa anamsoma mwenzake. Haramia aliandika ya kwake, Nahodha ya kwake, kila mmoja na meli yake. Mpishi, ambaye kuandika kwenyewe ndiyo anajifunza, akawa ananibembeleza nimwandikie mimi. Lakini ugomvi ulikuwa umeisha, na mimi nikahesabu kwamba nimefaulu.

Wiki hiyohiyo mpwa wangu akapata maumivu, akalazwa siku tano. Aliporudi nyumbani akaomba simu ya mama yake, akapandisha kusoma yaliyompita. Yalikuwa mengi. Katikati humo, mtu alikuwa ameandika kwamba Fundi wa Mitambo kaanguka ziwani, kwa sababu hajibu na anachelewesha hadithi. Chini kabisa kulikuwa na orodha yangu ya nyota, kwa mkono wangu mwenyewe. Jina lake lilikuwa la mwisho. Sifuri.

Akaandika maneno mawili: "Nimeshakufa. Endeleeni."

Niliyasoma nikiwa zamu ya usiku, saa nane, nimekaa kwenye kaunta ya manesi. Nimewahi kuwahudumia watoto wengi wenye ugonjwa kama wake. Najua wanavyokaa kimya wakichoka kuwa mzigo. Huyu nilikuwa nimemwandikia sifuri kwa sababu alilazwa.

Asubuhi nilimpigia. Nikamwambia, "Mwanangu, mama mdogo amekosea. Nilihesabu kitu kisichofaa." Akasema, "Haina shida, mamdogo." Watoto wagonjwa wana adabu ya kukuumiza roho. Kwa siku nne hakuandika kitu.

Baadaye nikakumbuka jambo tulilofundishwa chuoni, nikalisoma upya. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha utafiti waliofanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo litachora. Kundi la pili likapewa cheti kama hicho kwa kushtukizwa, baada ya kumaliza. Kundi la tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye wakaziweka kalamu darasani bila kutaja zawadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kuchora kulishakuwa kibarua, na malipo yalipokoma kazi nayo ikapungua. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu.

Kwa hiyo usitupe stika zako. Kitu ambacho mtoto hakipendi, kama dawa chungu, sindano au kusafisha kidonda, zawadi ndogo humsaidia kuvuka. Uangalifu uweke pale anapokipenda kitu tayari. Na mimi nilikuwa na kosa la pili juu ya hilo: nililipia wingi, nikapata wingi. Nilichokuwa nakitaka, yaani wasikilizane, sikukiwekea hata nyota moja.

Nikamweleza mama yangu, bibi yao. Akanisikiliza, halafu akaniuliza, "Wewe ulipokuwa mdogo nikisema 'Paukwa', mlifanyaje?" Nikamwambia tulijibu, "Pakawa." "Na msipojibu?" Nikakumbuka. Asipojibiwa alikuwa anakaa kimya, anaendelea kuchambua mchele wake, mpaka tujibu wote. Hadithi haikusogea bila sisi.

Basi tukakaa upya. Jumamosi moja tukapiga simu ya pamoja, watoto wote watano na bibi, na sheria wakazitunga wao. Mimi niliandika tu. Nakuwekea hapa kama zilivyobaki baada ya kurekebishwa mara mbili tatu:

1. Hakuna nyota ya wingi. Ukiandika sentensi mbili nzuri zinatosha.

2. Hakuna anayejipa nyota. Kila usiku kila mtoto anampa mwenzake mmoja, na lazima aseme sababu: "Nakupa kwa sababu ulinipa kitu cha kufanya," au "kwa sababu ulikumbuka kwamba mguu wangu una jeraha." Kusema tu "imependeza" haihesabiki.

3. Humpi mtu yuleyule siku mbili mfululizo. (Hii ilikuja baada ya mabinti wawili kukubaliana kupeana kila siku. Bibi ndiye aliyewakamata.)

4. Mhusika wa mwenzako humuui, humuozeshi, humfukuzi, mpaka mwenyewe akubali.

5. Aliye mgonjwa au safarini, mhusika wake amelala chumbani melini. Wenzake wanamlinda na kumpelekea uji, na hakuna kumlaumu.

6. Nyota zote zinaingia kopo moja. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Kopo liko kwa bibi. Ni kopo la maziwa ya unga. Kila nyota ni punje moja ya maharage, na kila usiku anapiga picha anawatumia. Likijaa, hadithi inachapwa steshenari, inabanwa kama kitabu, na Desemba inasomwa kwa bibi. Hakuna pesa.

Sheria ya tano ilitoka kwa yule Haramia wa miaka 14, na ndiye aliyekuwa amemtupa Fundi ziwani. Jioni ya kwanza aliandika kwamba Haramia aliona mkono unapunga majini, akatupa kamba, akamvuta mtu. Hakumtaja jina. Akaishia hapo, akasubiri.

Tukasubiri wote. Nakwambia nilikuwa naangalia simu kila dakika tano, na wagonjwa wangu wakiniuliza, "Nesi, kuna msiba?"

Siku ya pili, saa mbili kasoro usiku, mpwa wangu akaandika: "Fundi akatema maji. Akauliza, nani amegusa mitambo yangu?"

Nilicheka peke yangu nikajifuta macho.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Punje za maharage ziliingia polepole kuliko nilivyotaka, kuna usiku ziliingia mbili tu. Mpishi bado aliuliza, "Na mimi nyota yangu?" karibu kila siku, mpaka tukamzoesha kusubiri. Shule zilipofunguliwa, Haramia alijitoa, akasema anajiandaa na mitihani. Nilisikitika, lakini sikumlazimisha. Hadithi ya kulazimishwa tungekuwa tunarudi kulekule.

Na mpwa wangu alilazwa tena Oktoba. Safari hii, kila jioni alipopata nafuu, dada yangu alimsomea yaliyoandikwa. Mpishi, miaka 8, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Nimemletea Fundi uji wa ulezi. Amekunywa. Amelala tena." Uji huo ulipelekwa kila siku kwa siku sita. Maumivu hayakupungua kwa sababu ya hadithi, mama. Yalipungua kwa dawa, maji na uangalizi, na wewe mwenye mtoto wa selimundu usichelewe kumpeleka hospitali ukisubiri kitu kingine. Ila alirudi akakuta nafasi yake ipo.

Kopo la kwanza lilijaa Novemba. La pili lilianza Januari, na hapo nikaona jambo. Katikati ya Februari bibi alisahau kutuma picha kwa siku tisa, na hakuna mtoto aliyeuliza. Walikuwa wanabishana kama meli ipite Kigoma au Kasanga. Nikamwambia mama asitume tena. Kopo sasa lina maharage ya kula.

Kama unataka kujaribu na wanao, anza na watoto wawili au watatu wanaofahamiana, wa ndugu au majirani, na wewe uwepo humo ndani. Usiwaweke na watu msiowajua. Kabla ya kutangaza zawadi yoyote, jiulize: mtoto dhaifu kuliko wote humu, mwenye kuandika polepole, mwenye kuumwa, mwenye bando dogo, atapataje nyota? Ukikosa jibu, usitangaze kwanza. Na zawadi ikishafanya kazi yake, iache ipotee taratibu.

Sehemu ya 7 nitaongea kuhusu usingizi wa watoto wakati wa likizo, maana najua wako macho mpaka saa tano. Swali lako liandike hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Na kama una mtoto mwenye selimundu, niandikie pia ratiba yake ya kliniki, tukumbushane.

Usiku mwema, mama.