Zege halilali, lakini halitaki haraka

Iwapo una mtoto anayesomea uhandisi wa ujenzi, au wewe mwenyewe ndiwe mwanafunzi, kuna somo moja linalofaa kushikwa kabla ya kutia mguu kwenye mjengo. Somo hilo ni maji.

Mafundi wana msemo kwamba zege halilali. Maana yake ni kuwa saruji, mchanga na kokoto vikishatiwa maji, sharti zege limwagwe siku iyo hiyo. Ni kweli, kwani baada ya saa chache huanza kushika. Lakini haraka hiyo ndiyo huwafanya wengi kuzidisha maji.

Mimi hupenda kusimama kando ya mijengo nikitazama kazi. Aghalabu zege likiwa zito, utawasikia vijana wa karai wakiita, "Ongeza maji!" Si ajabu, maana zege jepesi ni rahisi kubeba na kusambaza. Hata hivyo, mfuko wa saruji wa kilo 50 hutosheka na lita 25 hivi, na hata chini ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Maji ya ziada hutoka polepole yakiacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na nguzo ikawa dhaifu ilhali nje inapendeza. Zege likiwa zito kiasi, itumiwe mashine ya kulitikisa. Hiyo hulishindilia na kutoa hewa iliyomo.

Kosa la pili huja kesho yake. Watu hudhani zege hukauka kama nguo kwenye kamba. La hasha! Huwa gumu kwa sababu saruji huungana na maji, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Ndiyo sababu slabu humwagiwa maji au kufunikwa kwa magunia yaliyolowa kwa siku saba angaa, na mbao zinazoishikilia chini haziondolewi ovyo. Nguvu yake hupimwa kwa vipande vya zege vyenye pande za milimita 150, ambavyo huvunjwa kwa mashine vikiwa na siku 7, na vingine siku 28.

Haya si mambo ya mtihani tu. Usiku wa Aprili 29, 2016, jumba la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walifariki. Jengo laweza kuanguka kwa sababu nyingi, ukiwemo msingi mbovu au vyuma haba, lakini zege hafifu huliondolea uwezo wa kuhimili mengine yote.

Basi ewe mwanafunzi, ukipelekwa mazoezini usiogope kumwambia fundi kwa heshima, "Mzee, hebu tupime maji kwanza." Huenda wakakucheka. Waache wacheke. Nawe mzazi, mwanao akirudi jioni viatu vimejaa saruji, usimuulize tu kama amelipwa. Muulize pia slabu ya jana ilimwagiwa maji na nani.