Mjomba Hahesabiwi

Imeenea mitaani kwetu dhana kwamba mtoto akiwa na mjomba au ammi katika jimbo fulani la Marekani, basi karo ya chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo itakuwa nafuu kwake. Mpwa wetu alipokubaliwa katika chuo cha namna hiyo mwaka huu, kila aliyekuja kutupongeza alitaja jambo hilo. Kwa kuwa kuna familia zinazofikia kuuza ardhi kwa kuitegemea dhana hii, tumeona heri tuieleze.

Vyuo vikuu vya umma huko si vya serikali kuu. Kila jimbo lina vyake, huvichangia kwa kodi za wakaazi wake, na kwa ajili hiyo huwatoza wakaazi hao karo ndogo. Atokaye nje ya jimbo, hata akiwa Mmarekani wa kuzaliwa, hulipa karo ya mgeni. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, karo hiyo ni zaidi ya mara nne ya ile ya mkaazi. Nafasi nazo zina mpaka: tangu 1986 chuo hicho kimewekewa sharti kwamba watokao nje ya jimbo wasizidi asilimia 18 ya wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza. Tukilitazama vyema, jambo hili si geni kwetu. Mtoto wa Kwale hapewi basari ya Kaunti ya Mombasa kwa kuwa tu shangaziye anaishi Likoni. Ila vyuo vyetu vya umma havipangi karo kwa kaunti, na hapo ndipo watu hupotezwa na mazoea.

Ukaazi unaotazamwa, kwa kijana anayetegemea wazazi, ni wa wazazi wenyewe. Majimbo mengi hutaka wawe wameishi hapo kwa muda usiopungua miezi 12. Naye mwenye viza ya mwanafunzi huingia kwa nia ya kurudi kwao. Kwa hivyo hata akilala kwa mjombake miaka minne, kwa kawaida hubaki kuwa mgeni. Watoto wa ndugu yetu, waliozaliwa huko, hulipa karo ndogo katika chuo hichohicho. Binamu watatoka nyumba moja asubuhi, waingie darasa moja, kwa bei mbili.

Upande wa msaada wa kifedha mlango ni mwembamba zaidi. Fomu ya serikali kuu iitwayo FAFSA, ambayo kwayo hupatikana ruzuku ya Pell isiyorejeshwa na mikopo ya serikali, ni ya raia, wenye kibali cha ukaazi wa kudumu, na wengine wachache kama wakimbizi. Mpwa wetu hayumo. Ulibaki mkopo wa benki, nazo benki za huko kwa kawaida hutaka mdhamini aishiye Marekani. Ndugu yetu alijitolea kutia sahihi. Dada yetu, mamake binti, alikataa kwa sababu ya riba, wala hatukumshinikiza.

Ndipo likatajwa shamba la minazi aliloacha marehemu baba. Chuo hakitoi hati ya I-20, inayohitajika kwa viza, mpaka kionyeshwe fedha za angalau mwaka wa kwanza, na wazee wawili wakashauri liuzwe. Sisi tuliuliza: mwaka wa kwanza una shamba, wa pili una nini? Mazungumzo yaliendelea hadi alasiri, na yalikuwa makali kuliko tunavyopenda yawe mbele ya watoto. Aliyeyakata ni binti mwenyewe. Alikiandikia chuo maswali mawili: je, kuna ufadhili wa kumpunguzia mwanafunzi wa ng'ambo karo ya mgeni, na je, nafasi yake yaweza kungoja mwaka mmoja? Vipo vyuo vya umma vitoavyo ufadhili huo kwa wenye alama za juu, na kuuliza hakulipiwi.

Jibu la swali la pili limefika: nafasi itangoja. La kwanza bado. Kwa sasa anawasomesha hisabati watoto wa mtaa kila jioni, na shamba halijauzwa.