Aliyekaa Upande wa Kichwa

Juni mwaka jana nilikuwa Makambako kwa mazishi ya baba yangu mdogo. Usiku wa matanga tumbo lilinishika chini upande wa kulia, na ilipofika saa nne sikuweza tena kunyoosha mguu. Katika kituo nilichofikishwa kwanza walinieleza bila kuzunguka: ni kidole tumbo, nacho kinakaribia kupasuka. Chumba cha upasuaji kilikuwapo, kitanda kilikuwapo, taa zilikuwapo. Mtaalamu wa usingizi alikuwa masomoni. Tukapanda gari kwenda Njombe, kilomita zipatazo 60, katika baridi ile ambayo watu wa nyanda za juu hawahitaji kuelezwa.

Langoni mwa hospitali mdogo wangu alitamka neno moja: "Dokta." Hakusema uongo, ninayo shahada ya uzamivu, ya sayansi ya siasa. Mlinzi alielewa vingine, muuguzi akaelewa kama mlinzi, nami, ambaye wakati huo nilikuwa na fahamu zangu zote, sikumsahihisha mtu.

Mtaalamu wa usingizi aliletwa kwa bodaboda kutoka nyumbani kwake. Alikuwa peke yake usiku huo. Alikaa upande wa kichwa, mahali ambapo mgonjwa hamwoni, akauliza, "Dokta wa nini?" Nikamwambia. "Basi, mwalimu, hesabu kuanzia kumi kurudi nyuma." Nilifika saba. Taa ya juu ikagawanyika, kisha sikuwapo.

Tumezoea kuiita hali hiyo usingizi, na jina hilo hutudanganya. Aliyelala huamka akitikiswa. Aliyepewa nusukaputi hukatwa kwa kisu na haamki. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Ndipo ikajulikana kwamba mtu aliye macho, akitulia na kufumba macho, ubongo wake hutoa mawimbi ya alfa, 8 hadi 12 hivi kwa sekunde, hasa upande wa kisogoni. Akipewa propofoli, mawimbi hayo hufifia kisogoni, na mengine ya kasi kama hiyo hujitokeza upande wa paji la uso, yakichanganyika na mawimbi makubwa ya polepole sana. Ubongo haukuzimika kama taa. Sehemu zake zimeacha kusikilizana.

Mimi nilipewa ketamini, dawa iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, nayo ina tabia nyingine kabisa: mawimbi ya kasi huongezeka, ubongo huchangamka, lakini mwenyewe hayupo. Kipimo kinachogeuza mawimbi ya ubongo kuwa namba chaweza kumsoma mgonjwa wa ketamini kana kwamba yu macho. Hata hivyo ndiyo dawa inayobeba hospitali zetu, kwa sababu mara nyingi mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, na haidai mtambo mkubwa. Mwaka 2015 China ilipopendekeza Umoja wa Mataifa uiwekee udhibiti wa kimataifa, kwa kuwa wengine huitumia kujilevya, Shirika la Afya Duniani lilipinga.

Kesho yake nilimuuliza mtaalamu yule alijuaje kwamba nimeondoka. Alinionyesha macho yake, kisha vidole viwili anavyoviweka kwenye mshipa wa shingo. "Na kipimo cha oksijeni," akaongeza, "na cha presha." Akanieleza pia kwamba wakati wa kuzinduka nilikuwa nikiita majina ya wanafunzi wasiosaini mahudhurio.

Nilipotolewa nje usiku ule nilimwona mwanamke mjamzito kwenye machela, ameshika chuma kwa mikono miwili. Alisubiri kupasuliwa ajifungue. Vitanda vya upasuaji vilikuwa viwili, wapasuaji wawili. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa upande wa kichwa, naye hamwachi mgonjwa ambaye fahamu hazijarudi. Nilimuuliza muuguzi nani alifika kwanza. Akakunja shuka. "Yeye, dokta."

Ugonjwa wangu ulikuwa wa dharura, kweli. Wa kwake pia, tena wa watu wawili.

Tangu mwaka 2017 serikali imejenga vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya vingi, jambo jema nisilolibeza. Tulikuwa hata na Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi, wa 2018 hadi 2025. Lakini sisi tunaoandika taarifa hupenda kuhesabu majengo, kwani jengo huzinduliwa kwa siku moja, mbele ya kamera. Mtaalamu wa usingizi husomeshwa kwa miaka, na akienda kusoma huacha pengo kama lile nililolikuta Makambako.

Siku ya tatu nilijikongoja hadi wodi ya wazazi. Alikuwa amepata mtoto wa kike, mzima. Akanisalimu, "Shikamoo, dokta." Nikaitikia, kisha nikamwambia mimi si daktari.

"Najua," akasema. "Yule wa usingizi alitoka mlangoni akaniambia nivumilie kidogo, kuna mwalimu bado hajarudi."