Maswali Yasiyo na Majibu

Wako wanafunzi wanaosema kwamba hesabu ni kazi ya kukariri kanuni na kungoja mtihani. Napenda kuwaeleza wenzangu habari za vitabu vya watu waliozifanya kwa mapenzi.

Katika mji wa Sendai, Japani, kuna Chuo Kikuu cha Tohoku, kilichoanzishwa mwaka 1907. Maktaba yake imehifadhi vitabu na hati kiasi cha 18,000 za wasan, yaani hesabu za Kijapani zilizostawi zamani nchi hiyo ilipokuwa imejifungia. Picha za kurasa nyingi huonekana kwa intaneti, nami nilizitazama. Maandishi sikuweza kuyasoma, lakini duara na pembetatu nilizitambua mara moja, kama mtu akutanaye na jamaa zake ugenini.

Kitabu mashuhuri ni Jinkoki, kilichotungwa na Yoshida Mitsuyoshi mwaka 1627. Kilifundisha kuhesabu kwa soroban, chombo cha shanga, pamoja na mambo ya biashara na vipimo. Ndani yake mna fumbo la panya. Panya wawili, dume na jike, wazaa watoto 12 mwezi wa kwanza, jumla 14. Kila mwezi kila jozi yazaa 12 tena. Je, baada ya miezi 12 watakuwa wangapi? Nilikaa na kalamu na karatasi. Kila mwezi idadi huzidishwa kwa 7: wanakuwa 14, kisha 98, kisha 686, na mwisho 27,682,574,402!

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Katika chapa ya mwaka 1641 Yoshida aliweka mwishoni maswali yasiyo na majibu, ili wengine wayafumbue. Desturi ikaenea: mwenye kufumbua naye huacha yake. Sawaguchi Kazuyuki aliacha maswali 15 mwaka 1671, na Seki Takakazu akayajibu mwaka 1674. Sisi tukipewa kitabu, ukurasa wa kwanza kuufungua ni ule wa majibu. Wao walipata elimu yao pale ambapo majibu hayakuwapo.

Mwaka 1872 serikali ya Japani iliamuru skuli zifundishe hesabu za Kizungu, na wasan ikaachwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa bahati Hayashi Tsuruichi, profesa wa chuo hicho na bingwa wa hesabu za kisasa, aliona thamani ya vitabu hivyo akavikusanya. Alifariki mwaka 1935, lakini vitabu vipo.

Basi nami nafuata desturi yao. Duara mbili zimekaa juu ya mstari mmoja ulionyoka, nazo zagusana. Nusu kipenyo ya moja ni 9, na ya pili 36. Katikati yao imeingia duara ndogo, yagusa zote mbili na mstari pia. Nusu kipenyo yake ni ngapi? Jibu siliandiki. Atakayelipata na aache swali lake katika toleo lijalo.